Kusoma Ganda la Risasi Uvira: Mwongozo kwa Mwenye Simu na Daftari

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha waliivamia kambi ya wakimbizi ya Gatumba, upande wa Burundi, kilomita chache tu kutoka Kavimvira, mpakani mwa Kongo. Waliua zaidi ya watu 150. Wengi wao walikuwa Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, waliokimbia mji wa Uvira na vitongoji vyake mwezi Juni mwaka huohuo. Kundi la waasi la FNL la Burundi lilitangaza kwamba ndilo lililoshambulia. Kati ya mahema yaliyoungua yalibaki maganda ya risasi, na alama zilizogongwa kwenye vitako vyake zilionyesha kwamba risasi hizo zilitengenezwa China, Bulgaria na Serbia.

Hapo uzi ukakatika. Haikupatikana karatasi ya kuonyesha nani alizinunua, zilipita bandari gani, zilikaa katika ghala la nani kabla ya kufika ukingoni mwa Tanganyika. Nchi zilizotengeneza zilijulikana, kundi lililoshambulia lilijitaja lenyewe, lakini aliyewapa risasi hakujulikana.

Ukanda huu umepatwa na mengi tangu hapo. Juni 2014 yalikuwa mauaji ya Mutarule, katika bonde la Ruzizi, ambako watu 30 au zaidi waliuawa kwa usiku mmoja. Kila yanapotokea mambo kama hayo, wa kwanza kufika ni jirani, nesi, shefu wa kata, mwandishi wa redio ya jamii, kijana wa shirika la kiraia. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa huja baada ya siku au wiki kadhaa, mvua ikiwa imenyesha, watoto wameokota maganda ya kuchezea, na waliopiga risasi wamehamia kwingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa hao wa kwanza. Vifaa vyake ni simu, daftari, kalamu, rula ya shule na tochi.

Kwanza, mikono nyuma

Pwani ya kaskazini ya ziwa imepokea silaha kwa vizazi vitatu. Mwaka 1965 silaha za Kisovieti na za Kichina zilivuka maji kutoka Kigoma kuwafikia waasi wa Simba katika milima ya Fizi, na Che Guevara alishukia Kibamba kwa njia hiyohiyo tarehe 24 Aprili, akaondoka Novemba. Oktoba 1996 Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kutekwa na waasi wa AFDL. Vikafuata vita vya 1998 na mauaji ya Makobola mwishoni mwa mwaka huo, kisha miaka mingi ya makundi ya Maimai. Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, askari wa serikali walirudi nyuma kupitia bonde la Ruzizi hadi Uvira, na milio ya risasi ikasikika mjini kabla hata adui hajafika.

Kila vita viliacha vyuma ardhini. Mafuriko ya Aprili 2020, yaliyobomoa nyumba kando ya mto Mulongwe, yalionyesha jinsi maji yanavyoweza kuhamisha udongo kwa usiku mmoja. Shamba lililolimwa miaka na miaka bila shida linaweza kutoa kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba kimo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina mjadala. Ukikuta guruneti, kombora la RPG, bomu la mota, au chuma chochote usichokitambua chenye mapezi, pini au waya, usikiguse, usikipige jiwe, usikisogeze ili picha itoke vizuri. Simama, tazama ulipokanyaga, urudi kwa njia hiyohiyo. Weka alama mbali kidogo, kwa mfano matawi yaliyopishanishwa au kitambaa chekundu juu ya mti, na umwache mtu mzima azuie watoto njiani. Wapo wanaobeba guruneti mfukoni hadi ofisi ya polisi wakidhani wanasaidia. Wapo wanaolitupa ziwani au chooni. Njia zote mbili zinahamishia hatari kwa mwingine: mvuvi atakayelivuta na nyavu, au fundi atakayezibua choo mwaka kesho.

Nani aitwe? Zamani wengi walizoea kupiga simu MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Ujumbe huo ulikabidhi kambi yake ya Kamanyola Februari 2024 na kufunga shughuli zake Kivu Kusini mwezi Juni mwaka huo, kwa hiyo namba nyingi zilizobandikwa kwenye kuta za shule zinaweza kuwa hazipokelewi tena. Kongo ina kituo chake cha taifa cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM, na sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inayopiga marufuku mabomu hayo. Shefu wa kata, polisi na mashirika yanayofanya kazi hiyo ndio njia ya kukifikia. Namba zao zitafutwe leo, zijaribiwe leo, ziandikwe ndani ya jalada la daftari. Siku ya tukio mtandao huwa umekatika, na hakuna atakayekuwa na utulivu wa kuulizia namba.

Ganda tupu nalo lina mtego wake. Risasi iliyokwisha kupigwa haina kichwa mbele, mdomo wake uko wazi, na katikati ya kitako kuna fataki, yaani kile kiduara kidogo, iliyobonyezwa na pini ya bunduki. Ukiona kichwa bado kipo na fataki imebonyea, hiyo ni risasi iliyogoma kulipuka, na ni ya kuachwa kabisa. Kichwa kikiwepo na fataki ikiwa laini, ni risasi nzima. Zote mbili hupigwa picha zikiwa zimelala palepale.

Picha ambayo mtaalamu ataitumia

Picha nyingi za maganda zinazozunguka kwenye simu za watu hazina kazi. Kuna kiganja kilichojaa maganda, nyuma kuna ukuta usiojulikana, vitako vinang'aa kama vioo, na hakuna neno hata moja la mahali wala tarehe. Mpigaji alikuwa na nia njema na alihatarisha maisha yake, lakini picha yake haiwezi kusimama mbele ya mtu yeyote anayetaka kuipinga. Kazi hiyohiyo, ikifanywa kwa mpangilio, huchukua dakika chache zaidi.

Anza mbali. Picha ya kwanza ionyeshe mahali penyewe pamoja na kitu kisichohama: kanisa, mnara wa simu, kona ya ukuta, mwembe unaojulikana na kila mtu. Ya pili isogee hadi maganda yaonekane yalivyotawanyika, kwa sababu mtawanyiko wenyewe ni habari. Bunduki nyingi za aina ya AK hutupa maganda upande wa kulia wa mpigaji, mita kadhaa kutoka aliposimama. Maganda 20 yaliyorundikana nyuma ya ukuta mmoja yanaeleza mtu aliyetulia na kupiga kutoka mahali pamoja. Maganda moja moja yaliyofuatana njiani yanaeleza mtu aliyekuwa akitembea. Mtu akiyakusanya yote kwenye sahani ili yapigwe picha pamoja, habari hiyo imekufa.

Andika namba kwenye vipande vya karatasi, 1, 2, 3, na uweke kila kipande kando ya ganda lake. Ndipo usogee karibu. Rula ilale kando ya ganda, bila kuligusa, milimita zikionekana. Ganda lililolala limeficha kitako chake, kwa hiyo lala chini nalo. Weka simu usawa wa ardhi, ikitazama kitako, na mtu mwingine ashike tochi ubavuni. Usitumie flashi ya simu. Mwanga unaotoka mbele hupiga chuma na kurudi, herufi zikapotea. Mwanga unaotoka pembeni, karibu na ardhi, huingia kwenye mikwaruzo ya alama na kuacha kivuli, namba zikasimama. Gusa kioo cha simu kwenye kitako ili ijue pa kulenga, subiri, kisha piga picha tatu au nne huku tochi ikizunguka polepole. Moja itatoka.

Usisugue ganda kwa mchanga ili ling'ae. Kutu na rangi ni sehemu ya ushahidi. Chuma kilichopakwa rangi ya kijani, chuma kilichovishwa shaba nyembamba na shaba tupu ni vitu vitatu tofauti, na rangi nyekundu au ya zambarau inayozunguka fataki nayo huweza kusaidia kutambua kiwanda.

Kisha daftari. Andika tarehe, saa, kijiji au avenue, nani alikuonyesha mahali na nani alikuwepo (kwa alama badala ya jina), na kama kuna mtu aliyekwisha kusogeza kitu kabla yako. Hilo la mwisho liandikwe kwa ukweli hata kama linaudhi. Mtoto akileta ganda alilookota jana, andika kwamba liliokotwa na mtoto jana, karibu na kisima fulani. Halitakuwa na uzito wa ganda lililokutwa mahali pake, lakini halitakupotosha.

Alama za kitako zinakiliwe kwa mchoro: duara, fataki katikati, na kila namba au herufi pale ilipo, juu, chini, kushoto, kulia. Fomu za mashirika ya kigeni hueleza nafasi hizo kwa saa za ukutani, na anayehesabu saa kwa Kiswahili akiandika "saa sita" msomaji wa Geneva ataelewa chini badala ya juu. Mchoro hauna shida hiyo. Chora hasa kile unachokiona, si unachodhani kinapaswa kuwepo. Herufi ya Kikirili isiyofahamika ichorwe kama ilivyo.

Namba zinasema nini

Risasi hutajwa kwa namba mbili za milimita. Ya kwanza ni unene wa kichwa, ya pili ni urefu wa ganda. Iliyo ya kawaida kuliko zote katika Kivu ni 7.62x39, chakula cha AK na cha ndugu yake wa Kichina anayeitwa Type 56, na ganda lake lina karibu sentimita 4. Ganda refu zaidi, la sentimita 5 na nusu hivi, lenye ukingo uliotokeza kuzunguka kitako, ni 7.62x54R, la bunduki ya rashasha kama PKM. Likiwa la sentimita 5 na kidogo lakini halina ukingo huo, huenda ni 7.62x51, la bunduki kama FAL ya Ubelgiji, iliyoenea jeshini enzi za Mobutu. Jembamba la sentimita 4 na nusu ni 5.56x45. Fupi lisilofika sentimita 2, lililonyooka kama kibomba, kwa kawaida ni 9x19 la bastola. La karibu sentimita 11 ni la DShK, bunduki kubwa ya mm 12.7 inayofungwa kwenye gari. Ganda la plastiki lenye kitako cha shaba na namba 12 ni la wawindaji, na katika misitu ya Fizi si jambo la kushangaza.

Rula inatosha kuzitenganisha. Ndiyo maana picha yenye rula ni bora kuliko picha kumi zisizo nayo.

Sasa kitako chenyewe. Viwanda vingi vya China huandika namba ya kiwanda juu na tarakimu mbili za mwaka chini. Ukikuta 71 juu na 08 chini kwenye ganda la 7.62x39, dhana ya kwanza ni kiwanda cha Kichina namba 71, mwaka 2008. Bulgaria hutumia namba 10 ndani ya duara. Serbia ina kiwanda cha Užice, kinachoandika PPU, au kwa Kikirili ППУ. FN ni Herstal, Ubelgiji. KOFC ni kiwanda cha serikali ya Kenya kilichoko Eldoret. Katika risasi za Kisovieti, 17 ni Barnaul, 60 ni mji ambao leo unaitwa Bishkek, na 270 ni Luhansk. Kati ya 1952 na 1956 Wasovieti waliandika mwaka kwa herufi badala ya namba, kwa hiyo Д au Е kwenye ganda lililochakaa haimaanishi kwamba limekosewa.

Mtego upo palepale. Namba 10 yaweza kuwa Bulgaria, yaweza kuwa mwaka 2010. Namba 60 yaweza kuwa kiwanda, yaweza kuwa mwaka. Anayetangaza redioni kwamba "risasi ni za nchi fulani" kwa kutazama namba moja anacheza na moto, hasa katika mji ambao jina la nchi jirani linatosha kuwafanya watu wapigwe mawe barabarani. Kazi ya mwenye daftari ni kurekodi. Kutafsiri kuachwe kwa wenye orodha kamili za alama, kama vile Small Arms Survey ya Geneva, Conflict Armament Research, na Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo, lililoundwa kwa azimio namba 1533 la Machi 2004 na ambalo ripoti zake husomwa bure na yeyote.

Hata alama ikisomeka vizuri kabisa, inasema mambo mawili tu: nani alitengeneza, na kwamba risasi haikuwepo kabla ya mwaka ule. Haisemi nani alifyatua. Lakini mambo hayo mawili yakikutana na tarehe nyingine huanza kuuma. Baraza la Usalama liliweka vikwazo vya silaha mashariki mwa Kongo Julai 2003, kwa azimio 1493. Mwaka 2008 vikwazo vililegezwa kwa upande wa serikali vikabaki kwa makundi yenye silaha. Ganda la mwaka 2012 likikutwa kwenye uwanja uliopigwa na kundi la waasi peke yake, zipo njia chache tu lilizofikia hapo: ama lilivushwa mpaka kinyume cha vikwazo, ama lilitoka mikononi mwa jeshi la taifa, kwa kuuzwa, kuporwa au kugawiwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi kwamba ghala za jeshi ni chanzo kikubwa cha risasi za makundi. Kwa watu wa Uvira, waliozoea kuishi kati ya kambi za askari na maskani ya Wazalendo, wapiganaji wanaoiunga mkono serikali, hilo si habari mpya. Kinachokosekana ni rekodi.

Na rekodi nyingi zikijumlishwa hufanya kazi ambayo ganda moja haliwezi. Mfano mzuri uko Kenya. Mwaka 2008 Small Arms Survey ilichapisha utafiti wa Turkana Kaskazini, ambako watafiti walilinganisha alama za risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji na zile za vyombo vya usalama. Walihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kiharamu katika wilaya ile zilitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe. Hakukuwa na siri iliyovuja wala shahidi aliyefichwa. Kulikuwa na vitako vya risasi, vingi, vilivyosomwa kimoja kimoja na kulinganishwa.

Makasha ni bora kuliko maganda. Sanduku la mbao au la bati lililoachwa na askari waliokimbia huwa na namba ya shehena, mwaka, idadi, mara nyingine namba ya mkataba au jina la mpokeaji. Mama mwenye nyumba atalifanya kuni au ndoo kabla ya jua kuzama, na hana kosa. Mwombe akupe dakika moja, upige picha pande zote sita, kisha aendelee.

Bunduki, bastola na vilengeo

Bunduki iliyo begani mwa mtu haichunguzwi. Hakuna picha inayostahili kufa kwa ajili yake, na hakuna mwandishi anayepaswa kumsogelea mpiganaji akimwomba aone namba ya silaha yake. Nafasi hupatikana kwa njia nyingine: bunduki zilizosalimishwa hadharani, zilizopangwa mbele ya viongozi siku ya sherehe, au zilizoonyeshwa na wapiganaji wenyewe kwenye video wanazosambaza.

Katika nafasi hizo, tafuta upande wa kushoto wa bunduki ya aina ya AK, juu ya magazini. Hapo ndipo alama ya kiwanda, mwaka na namba ya bunduki hukaa. Pembetatu yenye 66 ndani yake ni kiwanda cha Kichina. Nyota ni Tula, mshale ndani ya pembetatu ni Izhevsk, ingawa Romania nayo ina alama inayofanana na hiyo. Upande wa kulia, kando ya kibadilishio cha kupiga moja moja au mfululizo, kuna herufi: L na D kwa China, АВ na ОД kwa Urusi, R na J kwa Yugoslavia ya zamani. Kwa mbali, pasipo herufi, kilengeo cha mbele kinasaidia. Cha Type 56 kimezungukwa na duara lililofungwa, cha AK ya Kisovieti kina masikio mawili yaliyo wazi juu. Mbao ya mbele yenye matundu matatu ni dalili ya M70 ya Yugoslavia.

Namba ya bunduki ndiyo dhahabu. Pamoja na jina la kiwanda na aina, namba hiyo inaruhusu nchi iliyotengeneza kuulizwa rasmi ilimuuzia nani, kwa mujibu wa utaratibu wa kimataifa wa ufuatiliaji uliopitishwa Umoja wa Mataifa Desemba 2005. Risasi hazikuingizwa katika utaratibu ule, na pengo hilo limewasaidia sana wauzaji. Mkataba wa Kinshasa wa Afrika ya Kati, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kazi Machi 2017, unazitaja risasi pamoja na silaha zenyewe. Namba ikiwa imefutwa kwa msasa au kugongwa juu yake, piga picha pale ilipofutwa. Mtu hajisumbui kufuta asichokiogopa.

Bastola huonekana kidogo vitani na zaidi katika wizi wa usiku mjini. Hapo ganda la 9x19 lililobaki mlangoni huweza kuwa kitu pekee kilichoachwa, na linastahili uangalifu uleule wa maganda ya vita.

Vilengeo vya kioo, darubini za kulengea na miwani ya kuonea usiku vinastahili macho makali zaidi. AK hudumu miaka 50 ikipita mikono kumi, kwa hiyo umri wake hauelezi mengi. Darubini ya usiku ni habari nyingine. Ni ghali, inahitaji betri, mafunzo na matengenezo, na haiuzwi kwa rejareja pamoja na ndizi. Ikionekana kwenye bunduki ya kundi ambalo mwaka jana lilikuwa na magobole, mtu au serikali imegharamia. Piga picha ya umbo lake, mahali ilipofungwa kwenye bunduki, na maandishi yoyote yaliyo juu yake.

Ukishamaliza

Usibebe ganda, hata moja, hata kama kumbukumbu. Kisheria, agizo-sheria la mwaka 1985 ndilo linaloongoza silaha na risasi nchini, na raia anayekutwa na risasi za vita anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi. Kiusalama, mfuko wenye maganda kwenye bariere ya barabara ya Baraka unaweza kumaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Picha nazo ni mzigo. Zihamishie mara moja kwa mtu unayemwamini aliye mbali, kisha zifute kwenye simu unayosafiri nayo, pamoja na zile zilizobaki kwenye pipa la takataka la simu.

Namna ya kutuma ina uzito. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kunyang'anywa taarifa zake za ndani, yaani saa ilipopigwa na mahali. Itume kama faili, na taarifa zitabaki. Lakini taarifa hizohizo zinaonyesha ulikosimama, na asiyekuwa na uhakika na mpokeaji wake afikirie mara mbili. Usiibandike kwenye kundi lenye watu 200. Akitaka kuichafua kazi yako, mtu wa upande wowote ataichukua picha hiyohiyo, ataiandikia kijiji kingine na mwaka mwingine, na kuanzia hapo hakuna atakayeiamini.

Wapo watakaouliza faida iko wapi, ikiwa kesi haziendi mbele. Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kufuatia ubakaji uliofanywa mjini Fizi usiku wa mwaka mpya. Kilichoibeba kesi ile ni wanawake waliosimama na kusema. Shahidi wa namna hiyo hushambuliwa na mawakili: ulikuwa umbali gani, kulikuwa na giza, umejuaje. Mama akisema walipiga kutoka nyuma ya ukuta wa shule, na ikawepo picha ya asubuhi ileile yenye maganda 20 nyuma ya ukuta huohuo, rula kando yake na tarehe, maneno yake yana pa kuegemea.

Kwa sababu hiyo daftari litunzwe kwa miaka, mahali pakavu, na nakala yake ikae nyumba nyingine, si mtaa mmoja na yako. Kurasa zipewe namba, zisichanwe. Neno lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke chini yake, na sahihisho liwekewe tarehe. Majina ya waliokuonyesha mahali yakae kwenye karatasi ya pembeni, kwa alama mnazozijua wewe na mwenzako mmoja unayemwamini tu, ili daftari likishikwa lisiwataje.